Anayeshika Kamba: Matumaini ya Msanii kutoka Maniema hadi Pwani na Kwingineko

Kijana wa Kibombo anayetaka kuimba, kuchora au kuandika hapungukiwi na mawaidha. Jiamini. Usikate tamaa. Ndoto ni yako, ishikilie. Huyasikia redioni, kanisani, msikitini na katika simu ya rafiki aliyerudi juzi kutoka Kindu, na wote wanaomwambia hivyo wanamtakia heri. Lakini mawaidha hayo yana sharti moja lisilotajwa: kwamba matumaini ni mali ya mtu binafsi, ayatafute mwenyewe, ayatunze mwenyewe, na yakimwishia lawama ni yake. Katika mji ulio kando ya reli itokayo Kindu kwenda Kongolo na Kabalo, ambako treni haina siku ya kutegemewa na mzigo mwingi hufika kwa kinga, yaani baiskeli, inayosukumwa na mtu njia nzima, sharti hilo ni zito mno. Kijana hulibeba mwaka wa kwanza, hulibeba wa pili, kisha gitaa huning'inizwa ukutani na daftari huwashiwa moto wa jikoni.

Mawazo ya namna hiyo hayakuzaliwa hapa. Maniema yenyewe, pamoja na nchi zinazopakana nayo, ina mapokeo ya zamani yenye jibu jingine kwa swali hilohilo: mtu anayebuni, akiwa mbali na soko na mbali na mji mkuu, anapata wapi nguvu ya kuendelea? Nitayaweka pamoja majibu ya Wanyanga, ya Walega, ya Wakusu na ndugu zao Watetela, na ya Waswahili wa pwani, kisha niyapime kwa majibu mawili ya mbali, la Japani na la Ulaya. Nionavyo mimi, mapokeo yaliyodumu hayakumwachia msanii kazi ya kujitia moyo peke yake. Yalimwekea watu wa kumngoja.

Mtoto ndani ya ngoma

Kaskazini mashariki ya Maniema, katika misitu ya Walikale, Wanyanga wana utendi wa Mwindo. Mwaka 1956 msimulizi Shekarisi Candi Rureke aliusimulia, akiimba, akicheza na kuigiza kwa siku 12, mbele ya mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck na wasaidizi wake walioandika neno kwa neno. Biebuyck na Mnyanga Kahombo Mateene waliuchapisha mwaka 1969.

Mwindo anachukiwa na baba yake, Shemwindo, kabla hajazaliwa, kwa sababu mfalme huyo alikwisha piga marufuku watoto wa kiume. Mtoto anafungiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni. Mle ndani anaimba, huku ngoma ikisafiri kuelekea kwa shangazi yake, Iyangura. Msanii yeyote aliyekataliwa nyumbani kwao ataitambua picha hiyo. Baadaye Mwindo anamfuata baba yake mpaka kuzimu, na kabla ya kushuka anamwachia shangazi ncha ya kamba. Ncha nyingine anakwenda nayo. Kamba ikiwa inatikisika, shangazi ajue mtoto yu hai. Ikitulia, ajue amekufa. Kule chini Mwindo anapigwa mpaka anazimia, na Iyangura, aliyebaki juu, anaona kamba imetulia.

Shujaa huyu anajisifu kuliko mashujaa wengi. Alizaliwa akitembea na akisema, na fimbo yake ya mgwisho ina nguvu za ajabu. Hata hivyo utendi haumruhusu ashuke bila mtu wa kushika kamba. Wanyanga waliona kwamba ujasiri wa mtu unahitaji shahidi aliye mahali pengine, anayehesabu muda na kujali kama kamba inatikisika. Shangazi hamsaidii kupigana. Wala hashuki naye kuzimu. Kazi yake ni kungoja kwa makini, na utendi umeipa kazi hiyo heshima.

Namna Rureke mwenyewe alivyosimulia inafundisha jambo hilohilo. Msimulizi wa Kinyanga huamini kwamba roho iitwayo Karisi ndiyo iliyomtaka aujifunze utendi. Kwa hiyo kazi hiyo ni agizo alilopewa kabla haijawa ndoto yake. Anapoimba, vijana wanaojifunza kwake hugonga vijiti na kuitikia, na wasikilizaji humtuza. Rureke alisema kwamba hakuwahi kuusimulia utendi wote mfululizo, kwa sababu desturi ilikuwa kusimulia kipande kwa usiku mmoja. Ukamilifu wake ulikuwa umelala ndani yake miaka yote. Ulitoka pale walipopatikana watu walio tayari kukaa siku 12.

Daraja za Bwami, kilio cha Lubefu

Walega wa Pangi, Shabunda na Mwenga walikuwa na jibu lenye utaratibu zaidi. Chama chao cha Bwami kina daraja nyingi, na wanaofika juu kabisa, kwenye kindi, ni wachache. Hakuna anayepanda kwa mali yake tu. Ni lazima jamaa wamchangie, walezi wamfundishe, na mwenendo wake upimwe miaka mingi. Vinyago vidogo vya pembe za ndovu na vya mti, vinavyowekwa leo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, vilitumika katika mafunzo hayo. Kila kimoja kina methali zake, zinazoimbwa na kuchezwa mbele ya anayefunzwa. Kinyago hupokewa kutoka kwa aliyetangulia na kuachiwa atakayefuata, na uso wake hulainika kwa mafuta na kwa kushikwashikwa na mikono ya vizazi.

Kwa mchongaji, hali hiyo ina maana kubwa. Hakuwa na haja ya kujiuliza kama kazi yake itapata mahali. Mahali palikuwapo kabla hajashika kisu: kuna mtu anayekaribia kupandishwa daraja, kuna methali inayotaka umbo, kuna mkono utakaokipokea. Serikali ya kikoloni iliipiga Bwami marufuku, mara ya mwisho mwaka 1948, kwa kuihofia. Bwami haikufa, maana ilikaa katika watu waliokuwa wakingojana, na amri ya ofisini haiwezi kuvunja kungojana kwa urahisi. Gharama yake haifichiki, hata hivyo. Jina la mchongaji mara nyingi limepotea, na asiye na jamaa wa kumchangia hakufika mbali. Mapokeo yanayombeba msanii yanaweza pia kumsahau.

Karibu zaidi na Kibombo wapo Wakusu, wenyeji wa wilaya hiyo, na Watetela wa Sankuru, ambao ni ukoo mmoja nao. Majina yao yalitengana hasa kwa historia ya karne ya 19, pale walio mashariki walipoingia zaidi katika maisha ya Waungwana, yaani Waafrika waliofuata desturi za pwani, na Kiswahili chao. Papa Wemba alizaliwa mwaka 1949 kule Lubefu, kwa Watetela. Mama yake alikuwa mwombolezaji, mwanamke anayeitwa kwenye matanga ili aimbe kilio cha wenye msiba, na mtoto alifuatana naye. Mwanamuziki huyo alimtaja mama yake kuwa mwalimu wake wa kwanza, na baadhi ya nyimbo alizozipeleka ulimwenguni aliziimba kwa Kitetela.

Naomba tuitazame shule hiyo kwa karibu. Mwombolezaji hasubiri msukumo wa moyo. Anaitwa usiku, anakuta watu wamekaa chini, wengine hawajala, wote wakihitaji sauti ya kutanguliza kilio chao ili nao waweze kulia. Hapo hakuna nafasi ya kujiuliza kama ana kipaji cha kutosha, kwa kuwa haja ya watu imekwisha jibu. Mtoto aliyekulia hapo amejifunza mapema kwamba wimbo una pengo la kuziba katika maisha ya mtu mwingine. Wemba alikwenda Kinshasa, akawa miongoni mwa walioanzisha Zaïko Langa Langa mwaka 1969, akaunda Viva la Musica mwaka 1977, na tarehe 24 Aprili 2016 alianguka jukwaani Abidjan akiwa anaimba, akafariki. Karibu nusu karne ya kazi isiyokatika haielezwi na kujiamini tu.

Pwani: dua, binti na tuzo

Kiswahili kilifika Maniema na misafara ya miaka ya 1860, kikakaa Nyangwe na Kasongo, mji mkuu wa mfanyabiashara Tippu Tip. Kilikuja na mpunga, na Uislamu, na biashara ya watumwa ambayo kovu lake halijafutika. Kwa njia hiyo mtu wa Kibombo ana haki kamili ya kuyaita mapokeo ya pwani kuwa yake, kama alivyo na haki ya kuyahukumu.

Mshairi wa tenzi hufungua kwa jina la Mungu, humswalia Mtume, ndipo huingia katika jambo lake. Wengi hupita beti hizo haraka wakizihesabu kuwa ni adabu tu. Mimi naziona kuwa sehemu ya ufundi wenyewe. Mshairi anaanza kwa kukiri kwamba nguvu ya kufika mwisho anaiomba. Waimbaji wa Kiyunani wa kale nao walifungua kwa kumwita mungu wa nyimbo, na Mnyanga anamtaja Karisi. Imani hizo ni mbalimbali, na sitazichanganya: Mwislamu anamwomba Muumba mmoja, Mnyanga anatii roho iliyomchagua, Myunani anamwita mwenye kumbukumbu kuliko yeye. Kwa msanii zinafanya kazi moja, ya kumwondolea mzigo wa kuwa chanzo cha kila kitu. Siku beti zinapogoma, hana sababu ya kujiona amekwisha, kwa kuwa hakuwahi kudai kwamba kisima ni yeye.

Mwana Kupona, mshairi wa kisiwa cha Pate, alitunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, miaka michache kabla ya kufa. Hakuanza kwa kuwaza wasomaji wa dunia. Alimtungia binti yake, na ndani ya utendi anamwita akae karibu na wino na karatasi. Mtu mmoja anayengojea alitosha kuuinua mkono wa mgonjwa, na kwa ajili ya huyo mmoja sisi sote tumerithi.

Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, alianza kwa kuuza vyungu. Alipoingia mjini kuimba, wako waliomcheka kwa asili yake na umaskini wake. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na kundi lake kurekodi santuri, na sauti yake ikavuka bahari kwa Kiswahili. Taarabu ina desturi inayohusu moja kwa moja hoja yangu: msikilizaji aliyeguswa huinuka, huenda mbele ya watu wote, na kumtuza mwimbaji. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Tuzo haitoshi kumjengea mtu nyumba, lakini humwambia palepale kwamba neno lake limefika. Baadaye Siti alipata pia mtu wa kuyapokea maisha yake yote: Shaaban Robert, aliyeandika wasifu wake. Naye alikuwa karani, tangu idara ya forodha hadi ofisi ya upimaji ardhi Tanga, akiandika vitabu pembeni ya mshahara. Msanii huyo naye alijua kungoja wengine.

Zeami na Rilke

Japani, mnamo mwaka 1400, Zeami aliyekuwa bingwa wa maigizo ya No alianza kuandika mafundisho kwa warithi wake. Kikundi chake kililelewa na mtawala wa Kyoto, kwa hiyo ungedhani angewafundisha kupendeza wakubwa tu. Lakini alisisitiza kwamba sanaa yao inasimama juu ya kupendwa na watu wa kawaida, na kwamba mwigizaji anayekwenda katika vijiji vya mbali na vya milimani achukue ladha ya mahali hapo kwa uzito. Aliandika kwa warithi, siyo kwa umma, hivyo kila sentensi ilikuwa na mpokeaji. Mwaka 1434, akiwa na zaidi ya miaka 70, alifukuzwa akapelekwa kisiwa cha Sado. Huko nako aliandika. Kibali cha mtawala kiliondoka. Mafundisho aliyokwisha yakabidhi yakabaki, na No inachezwa hadi leo.

Ulaya ya karne ya 20 ilitoa jibu lililo kinyume, au linaloonekana hivyo. Mwanafunzi wa chuo cha jeshi, Franz Xaver Kappus, alimpelekea Rainer Maria Rilke mashairi yake. Februari 1903 Rilke alimjibu kutoka Paris kwamba asiulize watu kama mashairi ni mazuri. Aingie ndani ya nafsi yake, ajiulize katika saa ya kimya kabisa kama ni lazima aandike. Ushauri huo umekuwa kama msahafu kwa wasanii wa dunia nzima, na mawaidha anayoyasikia kijana wa Kibombo ni mjukuu wake wa mbali.

Rilke ana haki katika jambo kubwa, nami nitalirudia. Lakini tuutazame na mwendo wake. Ushauri wa upweke ulifika kwa barua. Rilke aliandika barua 10 kwa kijana asiyemfahamu, kwa miaka kadhaa, akisoma, akijibu, akiuliza hali. Kappus alizitunza, akazichapisha mwaka 1929. Maneno yalisema kaa peke yako, na mkono ulioyaandika ulikuwa umeshika kamba.

Tshibumba na wanunuzi wake

Hoja yangu isingefaa kitu kama isingepimwa kwa mtu aliyeteseka. Mtu huyo ni Tshibumba Kanda-Matulu, mchoraji wa Lubumbashi, msemaji wa Kiswahili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alichora juu ya magunia ya unga yaliyopakwa rangi ya msingi, akapita nyumba kwa nyumba kuuza. Watu wa kazi walizinunua picha hizo kwa bei ndogo, wakazitundika sebuleni ziwe ukumbusho. Alikuwa na wanaomngoja, tena wengi. Tatizo ni kwamba walingoja kilekile. Walitaka Lumumba. Walitaka picha ya ukoloni wa Ubelgiji: mfungwa amelazwa kifudifudi, askari anamchapa, Mzungu amesimama akitazama. Tshibumba alikuwa na ndoto pana zaidi, ya kuchora historia nzima ya Kongo, tangu wakati wa mababu mpaka siku zijazo, naye ahesabiwe kuwa mwanahistoria kamili. Nani angenunua picha ya mkutano fulani wa kisiasa aitundike juu ya meza ya chakula?

Hapa ndipo Rilke anapokuwa na haki. Umati unaokungoja unaweza kukufunga katika ulichokwisha fanya. Bila chumba cha ndani kisichoulizwa bei, Tshibumba angechora askari yuleyule mpaka mwisho. Alikilinda chumba hicho. Lakini picha zenyewe zilitoka pale alipokutana na mtafiti Johannes Fabian, mwishoni mwa 1973, akamwambia mpango wake, na Fabian akamtaka alete zote. Kwa miezi kadhaa alirudi na mafungu ya picha, akieleza kila moja kwa Kiswahili huku mashine ikinasa sauti. Zilifika 101. Fabian alichapisha kitabu juu yake mwaka 1996. Wakati huo Tshibumba mwenyewe alikuwa haonekani tena. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hakuna aliyejua alipo.

Rureke na siku zake 12, Tshibumba na picha zake 101: hadithi mbili za Kongo ya mashariki na kusini zinakubaliana kwa namna ya kushangaza. Kila mmoja alikuwa na kitu kizima ndani yake, na jamii yake ilikuwa imezoea kupokea vipande. Kizima kilitoka alipotokea mtu wa kusema, lete chote. Na mara zote mbili mtu huyo alitoka Ulaya. Wageni hao walifanya kazi nzuri, na ninawashukuru. Lakini inaniuma kwamba tuliokuwa karibu hatukuuliza sisi.

Kungoja ni kazi

Tukiyakusanya haya, kuna namna mbili za kungoja. Ipo ya jamii inayojua inachokitaka, yenye methali tayari na kilio tayari. Hiyo humpa msanii mahali, humlisha, humzuia asijione bure. Ipo na ya mtu mmoja anayengoja kitu ambacho bado hakijulikani: shangazi aliyeshika kamba inayoelekea gizani, Rilke mbele ya barua ya kijana, binti na karatasi zake. Hiyo humpa msanii ruhusa ya kwenda mbali. Bwami na taarabu ni hodari wa ile ya kwanza, Rilke wa ile ya pili, na utendi wa Mwindo umezikusanya zote mbili, kwa kuwa Iyangura ni ndugu wa damu na pia hajui yatakayompata mwanawe. Msanii aliye na ya kwanza tu hugeuka kuwa fundi wa kurudia. Aliye na ya pili tu huenda akafa njaa akiwa na kipaji kizima. Matumaini yanayodumu yanazaliwa zinapokutana.

Ndiyo maana nawaambia vijana wa Kibombo wasijipime kwa wingi wa hamasa wanazoamka nazo asubuhi. Hamasa hupanda na kushuka, hata kwa wakubwa wa sanaa. Tafuta watu watatu. Waambie tarehe utakayowaletea wimbo uliomalizika, sura ya hadithi, au picha. Mmoja awe mzee anayejua nyimbo za matanga za Wakusu, mmoja awe rika lako anayebuni kama wewe, mmoja awe mtu mwenye subira ya kusikiliza jambo asilolielewa bado. Siku ya ahadi ikifika, nenda hata kama kazi haijakuridhisha. Nawe ukatae kuwa mpokeaji tu wa huruma: shika kamba ya mwenzako.

Na sisi tusio wasanii tuna wajibu mzito zaidi. Kwaya ya kanisa, madrasa, shule ya sekondari, chama cha akina mama, redio ya mtaa ya Kindu: kila kimoja kinaweza kuweka jioni moja kwa mwezi ambapo mtu anasikilizwa mpaka amalize, na tuzo inatolewa mbele ya watu, hata ikiwa ni kilo mbili za mchele. Hakuna lolote kati ya hayo linalongoja treni wala wafadhili. Kibombo haijapungukiwa na sauti wala mikono. Imepungukiwa na watu wa kumwambia msanii wao, tuletee kazi yote, tumekaa hapa, na kazi hiyo ya kukaa na kusikiliza ni yetu kuianza.